La Pili Litafuata

Jirani yangu wa hapa Buswelu anapasua jiwe. Amenunua kiwanja ambacho nusu yake ni mwamba, kama viwanja vingi vya huku, na amefanya walivyofanya wazee: amerundika magogo na matairi mabovu juu yake, amewasha moto, anangoja jiwe lichoke lenyewe. Harufu ya tairi linaloungua juu ya mwamba si sawa na ya tairi linaloungua barabarani. Ina uchachu wa chuma ndani yake, na ikiingia nyumbani inashika mapazia. Nimefunga madirisha yote na joto hili, watoto wananung'unika, na mume wangu ameniuliza kama nina ugomvi na yule bwana. Sina ugomvi naye. Moto wake umenirudisha kilimani kwetu, na huko siendi kwa hiari yangu.

Nilikulia Ilemela, juu kabisa, kwenye nyumba iliyobanwa na miamba miwili kiasi kwamba ukuta mmoja wa jikoni ulikuwa mwamba wenyewe. Ziwa lilionekana lote kutoka mlangoni. Wageni walipopanda kwetu wakihema, walisifu upepo na mandhari, na mama aliwajibu kwamba mandhari hayaliwi. Chakula chetu kilitoka kwenye mawe. Baba aliuchoma mwamba, kisha akaupasua kwa nyundo kubwa na tindo, kile chuma kinene chenye ncha ambacho husimamishwa kwenye ufa na kupigwa kichwani. Mapande yakishashuka, mama na wanawake wenzake waliyaponda kuwa kokoto, kila mmoja chini ya kivuli chake cha viroba, jiwe limezungushiwa pete ya mpira ili lisirukeruke. Malori yalikuja kuchukua. Watu wanaosifu maghorofa ya Mwanza hawajui kwamba yamepita kwanza mapajani mwa akina mama wale.

Mikono ya mama ilikuwa na mawe ndani. Simaanishi kwamba ilikuwa migumu, ingawa migumu ilikuwa. Nasema chini ya ngozi, kuanzia vifundo vya vidole hadi karibu na kiwiko, kulikuwa na vidoti vyeusi na vya kijivu, vichembe vya mwamba vilivyoruka na kuzama, ngozi ikajifunga juu yake. Vingine vilikuwa vimejijengea kinundu kigumu kama punje ya mtama, ukikibonyeza kinateleza. Mimi nilipenda kuvibonyeza tulipokuwa tumekaa jioni tukingoja maji yachemke.

"Havikuumi?" nilimuuliza.

"Viliniuma vilipoingia. Sasa ni wenyeji."

Hakuwa anatania. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mama mwili nao ulikuwa kaya ya namna hiyo. Kitu kikiingia, mwili unakizunguka, unakichunguza, unakinunia kidogo kwa usaha na uvimbe, mwisho unakijengea chumba chake na maisha yanaendelea. Nami nikakua nikiamini kwamba hakuna kitu ambacho mwili hauwezi kukizoea.

Siku lilipotokea la kutokea, baba alikuwa ameshuka barabarani kuzungumza na dereva wa lori, na mama alikuwa amechoka kumngoja. Kulikuwa na pande moja lililokaidi. Akachukua tindo la baba. Kichwa cha tindo lile kilikuwa kimepigwa miaka mingi hadi kikachanuka kama uyoga, na kingo zake zilikuwa zikimeguka. Nilikuwa pembeni nasugua sufuria kwa majivu. Nilisikia nyundo ikigonga, na ndani ya pigo hilo nikasikia mlio mwingine mdogo, mwembamba, kama wa mbu. Mama hakupiga kelele. Aliiweka nyundo chini taratibu, kama mtu anayetua yai, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Kameingia kamchanga," alisema.

Aliitiwa Mama Neema, jirani yetu aliyekuwa ananyonyesha, kwa sababu kwetu jicho likiingiwa na kitu hudondoshewa maziwa ya mama. Alimlaza mama kichwa mapajani, akakamua, akafunua kope, akatafuta. Hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na tone la damu kwenye weupe wa jicho, dogo kuliko la kunguni aliyepondwa. Jicho liliuma usiku ule na siku zilizofuata, likavimba, likawa jekundu. Kisha likaanza kupoa. Uvimbe ukashuka, wekundu ukafifia, mama akarudi kwenye kokoto zake. Alikuwa akifunika lile zima na kutazama kwa lile lililoumia, akaona ukungu, na ukungu ukazidi, hadi siku moja akafunika na kuona giza.

"Lakini limetulia," alisema baba.

Ndiyo, lilikuwa limetulia. Siku hizi nikiona kitu kilichokuwa kikipiga kelele kimenyamaza chenyewe, huwa sishukuru upesi.

Baba aliposikia habari ya giza, alimpeleka hospitali kubwa, nami nikaenda kwa sababu mama alitaka bega la kushika kwenye ngazi. Daktari alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha kitabuni. Alimpiga mama picha, akatuonyesha. Katikati ya kivuli cha jicho kulikuwa na alama moja nyeupe, kali, ndogo sana.

"Hiki ni chuma, si jiwe. Kimetoboa kikaingia hadi ndani," alisema. "Mama, pole sana, jicho hili halitaona tena. Lakini ninaloliogopa sasa ni la kulia."

"La kulia ni zima," mama alisema.

"Ni zima leo. Jicho moja likichanika hivi, mara nyingine mwili huamka na kulishambulia na lile jingine. Tukilitoa hili mapema, hatari inapungua. Tukiliacha, la pili linaweza kufuata."

"La pili limekosa nini?"

"Halijakosa kitu," alisema daktari. "Mwili ndio utakaokosea."

Nimekuja kuelezwa vizuri ukubwani. Vilivyomo ndani ya jicho vimefichwa humo tangu tumboni mwa mama, na askari wa mwili, wale wanaopambana na miiba na vidonda, hawajapata kuviona hata siku moja. Chuma kikitoboa ukuta, askari wanaingia wakifuata chuma, na humo wanakuta vitu wasivyovifahamu. Wanadhani ni wageni. Wakishaikariri sura yao, wanaitafuta mwili mzima, na mahali pengine pekee sura hiyo ilipo ni kwenye jicho la pili. Yule daktari naye alitumia neno hilohilo, askari. Mimi askari niliowajua walikuwa mgambo wa mjini, waliokuwa wakipindua meza za akina mama wauza dagaa. Nikawaona na virungu vyao wakivuka daraja la pua ya mama, kutoka kushoto kwenda kulia. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikiitazama pua ya mama wakati wa kula, nikiangalia kama kuna kinachotembea.

Daktari alitaka jicho litolewe kabla wiki haijaisha. Baba alimjibu kwamba tutakaa tuzungumze. Kwetu mtu hakatwi kiungo wazee hawajasikia, na mzee aliyebaki upande wa mama alikuwa mmoja tu, mama yake mzazi, bibi yangu wa Magu.

Bibi alifika na basi la asubuhi, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo hakuna Msukuma anayesafiri bila yake. Hakuuliza habari za njiani. Alimshika mama kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akatazama jicho moja, akatazama la pili.

"Kuna mtu amelia humu ndani?"

"Hapana, mayu," mama alijibu. Mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Vizuri."

Mama yangu anaitwa Doto. Pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, kwa hiyo yeyote akisikia jina la mama anajua palikuwa na mwingine. Kulwa alikufa wakiwa bado wanatambaa. Na kwetu pacha haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, mwenzake anasikia, na akisikia anamfuata. Bibi alimzika mtoto wake uso ukiwa mkavu, huku amembeba mwenzake mgongoni, na kesho yake akaenda kupalilia. Doto akashikwa na homa ileile iliyomchukua Kulwa. Akapona. Sasa mwanamke wa namna hiyo utamwambia nini?

"Macho nayo ni mapacha," Bibi alisema walipokaa kuzungumza. "Huyu Kulwa amelala. Mkimtoa nyumbani, Doto atatoka kumtafuta."

Baba alikuwa amekaa mbali, macho chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mama wa mkewe. "Mayu, daktari anasema kinyume. Anasema tukimwacha humo ndipo mwenzake atakapofuata."

"Daktari amezaa mapacha?"

Nilikuwa mlangoni, nikasikia yote, na kilichonitisha ni kwamba hawakuwa wakibishana juu ya hatari. Daktari wa Bukoba na Bibi wa Magu, ambao hawakuwahi kuonana, walikuwa wamesema jambo moja kwa maneno yaleyale: la pili litafuata. Walitofautiana tu juu ya mlango wa kufunga.

Aliyeamua ni mama mwenyewe. "Mimi niko hai kwa sheria ya mayu," alimwambia baba. "Kama si ya kweli, basi niko hai kwa nini?" Baba alinyanyuka, akachukua nyundo yake, na kutwa nzima tulimsikia akipiga mwamba. Hospitali hatukurudi.

Bibi akabaki, na nyumba yetu ikawa nyumba isiyoruhusu machozi. Haikusemwa kamwe kwamba jicho limekufa, ilisemwa limelala. Kila asubuhi Bibi alileta vitambaa viwili vilivyo sawa na maji ya uvuguvugu, akaosha lile lililolala kwanza, kwa kuwa ndilo Kulwa, kisha lile zima, na hakuna lililopata maji zaidi ya mwenzake. Pacha hupewa sawa. Alifanya kazi hiyo kwa upole ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, akiimba kwa sauti ya chini, na mama alifumba na kutulia kama mtoto. Nataka hilo lijulikane, maana nikisimulia habari hii mjini watu hukimbilia kumcheka bibi yangu. Alimpenda binti yake kwa njia iliyowahi kumwokoa.

Mimi niligundua machozi kabla ya Bibi. Mama alianza kusogeza kigoda chake. Kwanza aliondoka kwenye ukingo wa kivuli akaingia katikati. Kisha akahamia nyuma ya mwamba, mahali jua lisipofika, akaponda kokoto amejifunika khanga hadi kwenye nyusi. Nikimpelekea maji namkuta jicho la kulia limelowa. "Moshi," aliniambia, na moto wa baba ulikuwa umezimika tangu juzi. Nilielewa kwa akili yangu ya wakati ule: lile jicho linamlilia mwenzake. Limevunja sheria. Nikajitwika kazi ya kulizuia. Nilihamisha jiko la mkaa nje, nikakata vitunguu mimi, nikanyunyiza maji njiani vumbi lisipande. Nilipoanguka kwenye mawe goti likapasuka, niliuma mkono wangu hadi maumivu yakapita, jicho la mama lisije likasikia kilio likapata la kujifunzia. Nilikuwa nikilisemesha kimoyomoyo wakati wa chakula: nyamaza, wewe, nyamaza.

Halikunyamaza. Mama alijigonga kidole kwa nyundo, mtu ambaye zamani aliponda kokoto huku akitazama ziwa. Alimimina chai ikapita pembeni ya kikombe, akacheka, akasema kikombe kimemkimbia. Baba alicheka naye, kisha akaacha.

Bibi alijua kwa sindano. Macho yake ya uzeeni hayakuweza kutunga uzi, na tangu aje, mama ndiye aliyemtungia. Alasiri moja alimpa sindano na uzi ashone gauni langu la shule. Mama alilamba uzi, akaupeleka, ukapita pembeni. Akaulamba tena. Mara hiyo alikuwa akiisogeza sindano karibu na uso, mbali, karibu, na chozi likamshuka hadi kidevuni akiwa hata hajui. Bibi akamwondolea sindano mkononi, akaichomeka kwenye khanga yake, akasimama.

"Vaa viatu," alisema. "Wote vaeni viatu."

Hospitalini daktari alimsalimia Bibi shikamoo; Bibi akaitikia marahaba, na hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Mtoe Kulwa," alisema. "Mimi mama yake nimeruhusu."

Daktari alimulika jicho la kulia kwa muda mrefu. Mama alitetemeka kwa ule mwanga kama aliyechapwa. "Bibi," daktari alisema mwishoni, na niliona kwamba hakupenda kulisema, "kulitoa sasa hakutalisaidia hili. Mwili umeshaanza. Tutalipigania kwa dawa, tutajaribu sana, ila siwezi kukuahidi."

"Wewe ulisema la pili litafuata."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nilisema hivyohivyo. Mbona basi hatukusikilizana?"

Sijui hata leo kijana yule angejibu nini. Bibi alikaa chini palepale sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, na hapo ndipo nilipomwona akilia, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu msibani. Wauguzi walikuja kumnyanyua. Mama aliwazuia kwa mkono. "Mwacheni," alisema. "Amebeba muda mrefu."

Dawa zilikuwa nyingi, na zile za kuwapumbaza wale askari zilimnenepesha mama uso. Alirudi kilimani mashavu yamejaa, shingo imejaa, na majirani wasiojua walimpongeza. "Doto umenawiri! Hospitali wanakulisha nini?" Mama aliwashukuru. Kwa muda jicho lilipata nafuu, likaona rangi za khanga, likaona malori kule chini. Tukaanza kupumua. Kisha likaanza kufifia tena kutoka pembeni kwenda katikati, kidogokidogo, na kila tulipopelekwa tena daktari alibadilisha dawa na kuzungumza kwa sauti ya chini zaidi. Mimi sikuitazama tena pua yake. Nilijua wameshavuka.

Asubuhi moja, kabla ya shule, mama aliniita nisimame mlangoni, kwenye mwanga. Alikuja karibu sana, hadi pumzi yake ikanigusa.

"Sogea kushoto. Hapo. Usitikisike."

"Nitachelewa, mama."

"Chelewa. Cheka kidogo nikuone."

Nilicheka. Nilikuwa nimeng'oka jino la mbele wiki ile, na nililionea aibu pengo langu, nikaziba kwa mkono. Mama aliuondoa mkono. Alitazama goti langu lenye kidonda, akatazama nywele, akarudi mdomoni, akatazama na kutazama, bila haraka, kama mtu anayekagua nyumba anayohamia. Sikuelewa alichokuwa anafanya. Nilidhani ananikagua usafi. Aliponiachia nilikimbia kuteremka mawe, nikiwa na hasira kwamba nitachapwa kwa kuchelewa, na wala sikugeuka nyuma.

Bibi alitangulia miaka mingi iliyopita, baba naye. Mama yuko nasi hapa Buswelu, katika chumba cha mbele, na moshi wa jirani ulipoingia alinusa mara moja akatangaza kwamba jiwe lile wamelichoma upande mmoja tu, halitapasuka. Amekaa na wajukuu, anawachambulia maharage kwa vidole, anawasimulia. Juzi nilikuwa napita na sinia la vyombo nikamsikia binti yangu mdogo, ambaye yuko katika umri wa kuuliza kila kitu, akimuuliza.

"Bibi, mama yangu unamjua alivyo?"

"Nisimjue mwanangu?" Mama alicheka. "Kembamba, kana kidonda gotini hakiponi kwa kurukaruka. Na hapa mbele kana pengo. Msikacheke. Jino litaota."

Binti yangu aligeuka akanitazama pale mlangoni, mimi na unene wangu, na mvi zangu, na meno yangu yote. Kisha akamgeukia bibi yake, akamshika mkono.

"Ndiyo, Bibi," alisema. "Bado halijaota."